Upele umekwisha, kwa nini bado ninajikuna?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Ninakuandikia saa nane usiku kwa sababu usingizi umenikimbia, na kilichoufukuza ni muwasho ambao sasa unaingia mwezi wa tano.

Mwanzo wake naujua. Mwanangu wa kwanza, anayesoma shule ya bweni, alirudi likizo akiwa na upele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Wiki chache baadaye nyumba nzima tulikuwa tunajikuna. Tulikwenda zahanati, tukapewa BBE, dawa ya kupaka ya upele, tukaelekezwa tujipake sote siku moja kuanzia shingoni hadi nyayoni, tufue nguo na mashuka na kuyaanika juani, kisha turudie. Tulifanya hivyo bila kuacha hata hatua moja. Mume wangu akapona, watoto wakapona, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani akapona. Nimebaki mimi peke yangu.

Muwasho wangu hauko tena pale ulipoanzia. Vidole na kiuno vimetulia kabisa, lakini nyuma ya shingo na kwenye vifundo vya miguu, hasa cha kushoto, ninawashwa kiasi cha kutamani kujichubua. Ngozi ya sehemu hizo imekuwa nene na nyeusi, yenye mistari kama ngozi ya goti. Kinachonishangaza ni kwamba katikati ya mgongo, mahali mkono wangu usipofika, ngozi ni laini kama zamani. Nikiwa ninafundisha ninaweza kusahau kwa kipindi kizima, lakini nikimwona mwanafunzi mmoja akijikuna kichwa, mkono wangu hupanda shingoni kabla sijajua. Hata kuandika barua hii kumenifanya nijikune mara nyingi. Usiku ndio adhabu yenyewe, kwani huamka nikakuta damu kwenye kucha.

Nimejipaka BBE tena mara sita kwa uamuzi wangu mwenyewe. Nimenunua kwenye duka la dawa krimu ya mchanganyiko ambayo hunipa nafuu ya siku mbili tatu. Nimemeza piriton kila usiku. Zinanilaza, na asubuhi ninasinzia mbele ya darasa, lakini muwasho uko palepale. Ninaoga maji ya moto sana kwa sababu yananipa raha kubwa kwa dakika chache, kisha muwasho hurudi kwa nguvu zaidi.

Mume wangu ni mtu mwema, ila amechoka. Kila akisikia kucha gizani husema, "Acha tu kujikuna, mbona sisi tumeacha?" Mama mkwe wangu anaamini nimerogwa. Mhudumu mmoja wa afya aliniambia, "Mwalimu, hili liko kichwani mwako tu," nikatoka pale nikilia. Lakini linaloniumiza kuliko yote ni binti yangu wa miaka mitatu. Tangu ugonjwa huu uanze simpakati wala silali naye, kwa hofu ya kumwambukiza, naye ameanza kwenda kwa dada kila anapolia.

Naomba unijibu waziwazi. Je, bado nina upele? Je, ni kweli kwamba tatizo liko kichwani? Na kama liko kichwani, kwa nini siwezi kuacha?

Mwalimu asiyelala, Tanga

Marahaba, Mwalimu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya kugusa habari ya dawa ningependa tulimalize lile neno lililokutoa machozi, kwa sababu naona limekuumiza kuliko kucha zako. Aliyekuambia kwamba tatizo "liko kichwani mwako tu" alisema nusu ya ukweli, kisha akaiharibu kwa neno moja la mwisho. Muwasho wa kila binadamu uko kichwani. Mtoto aliyeumwa na mbu, mkulima aliyepitiwa na upupu na mgonjwa wa tetekuwanga wote huwashwa kwa sababu ubongo umepokea habari kutoka kwenye ngozi, umezipima, na umeamua kwamba zinastahili mkono kunyanyuka. Kosa liko kwenye "tu", kwa maana neno hilo huifanya kazi ya ubongo ionekane kama ndoto au udhaifu wa tabia, ilhali ni kazi ya mwili kama ilivyo kazi ya moyo au ya figo. Wapo watu waliokatwa mguu ambao huwashwa kwenye kisigino kisichokuwapo tena, na hakuna anayewaona wakihangaika ambaye angethubutu kusema wanaigiza.

Mwaka 1660 daktari mmoja wa Ujerumani, Samuel Hafenreffer, aliueleza muwasho kuwa ni hisia isiyopendeza inayoleta hamu ya kujikuna, na ufafanuzi huo unatumika hadi leo. Utaona kwamba ndani yake mna hisia na mna tendo, vyote viwili katika sentensi moja. Maumivu hukufanya uuondoe mkono kwenye jiko, lakini muwasho huuita mkono uje. Katika picha za ubongo wa mtu anayewashwa, zile sehemu zinazoandaa mwendo wa mkono huamka hata kama mkono wenyewe umetulia mapajani. Kwa hiyo mtu anayekuambia "acha tu" anakutaka utenganishe kwa maneno matupu vitu viwili ambavyo maumbile yamevifunga pamoja.

Habari ya muwasho huanzia kwenye nyuzi nyembamba sana za neva, ambazo ncha zake zimefika karibu kabisa na uso wa ngozi. Nyuzi hizo ni za polepole, kwani habari husafiri ndani yake kwa kasi ya takribani mita 1 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayetembea taratibu. Zinapofika kwenye uti wa mgongo hukuta mlango wa kwanza. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, wakiongozwa na Zhou-Feng Chen, walionyesha kwa kutumia panya kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kipokezi maalumu kinachopitisha habari za muwasho, na miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba panya waliopoteza seli zenye kipokezi hicho waliacha kujikuna ingawa waliendelea kusikia maumivu kama kawaida. Kazi hiyo ilitikisa sana dhana ya miaka mingi kwamba muwasho ni maumivu madogo tu. Kutoka kwenye uti wa mgongo habari huvuka upande wa pili, hupanda hadi thalamasi, ambayo ni kama kituo kikuu cha mabasi katikati ya ubongo, na hapo hutawanyika: nyingine huenda panapotambuliwa ni kiungo gani kinachowasha, nyingine panapopimwa ukali wa kero, nyingine panapohifadhiwa kumbukumbu na hofu, nyingine panapoamuliwa la kufanya. Hakuna chumba kimoja cha muwasho ambacho mtu angeweza kukifunga kwa ufunguo.

Hapo ndipo penye jibu la piriton zako. Dawa za aina hiyo huzuia histamini, kemikali inayomwagwa na seli za ngozi mbu anapouma au mwili unapopata mzio. Lakini histamini ni njia moja tu ya kuelekea kwenye muwasho. Watoto wa pwani wanaujua upupu, na wanajua jinsi manyoya ya ganda lake yanavyoweza kumtoa mtu machozi. Mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur, wakiwa Philadelphia, waliyachunguza manyoya hayo na kuonyesha kwamba kinachowasha ndani yake ni kimeng'enya kinachokata protini, wala si histamini, na utafiti wa baadaye umethibitisha kwamba muwasho wa upupu hupita kwenye nyuzi za neva tofauti na zile zinazoitikia histamini. Wenzangu wa umri wangu wana ushahidi mwingine miilini mwao. Tunaikumbuka klorokwini, ambayo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania hadi mwaka 2001, na jinsi ilivyowawasha wengi wetu mwili mzima bila kipele hata kimoja, huku vidonge vya mzio vikisaidia kidogo sana. Tuliambiwa tuvumilie. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilichoko Baltimore walipata kipokezi kwenye neva za panya ambacho klorokwini hukigusa moja kwa moja, pasipo histamini kuhusika. Muwasho wako wa sasa nao, kwa jinsi ulivyoueleza, hauendeshwi na histamini. Piriton inakulaza kwa sababu inausinzisha ubongo, na kwa mtu anayesimama mbele ya watoto asubuhi hiyo si biashara yenye faida.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: kwa nini huwezi kuacha. Kucha zinapopita juu ya ngozi huleta maumivu madogo, na maumivu huufunga ule mlango wa kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walirekodi seli za uti wa mgongo wa nyani na kuona kwamba kukunwa kwa ngozi hutuliza seli hizo pale tu zilipokuwa zimeamshwa na muwasho, na si vinginevyo. Nafuu unayoipata ni ya kweli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliwachukua watu 13 wenye afya, wakawakuna mguu kwa brashi ndogo huku wakipiga picha za ubongo, na wakaona kwamba sehemu zinazohusika na hisia chungu na kumbukumbu zenye kukera zilipungua kazi, wakati sehemu zinazohusishwa na tabia ya kurudiarudia jambo ziliongeza kazi. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba mtu anayewashwa anapojikuna, huamka pia zile sehemu za ubongo zinazoitikia chakula kitamu kwa mtu mwenye njaa. Ubongo hauwezi kupewa tamu ya namna hiyo mara mia kwa siku, kwa miezi mingi, usijifunze kuitafuta.

Na tamu hiyo ina deni. Maumivu madogo ya kucha huufanya ubongo utume kemikali iitwayo serotonini kwenye uti wa mgongo ili kuyatuliza, na mwaka 2014 kundi lilelile la St. Louis lilionyesha katika panya kwamba serotonini hiyo, ikiwa katika kazi ya kutuliza maumivu, huziamsha seli za muwasho zilizo jirani. Kwa maneno mengine, kujikuna kunauita muwasho unaofuata. Ngozi nayo haikai kimya: watafiti wa Pittsburgh walionyesha mwanzoni mwa mwaka 2025, pia katika panya, kwamba kujikuna huzifanya neva za maumivu zimwage kemikali inayochochea seli za kinga zilizomo ngozini, uvimbe ukaongezeka na muwasho ukaongezeka. Baada ya wiki nyingi ngozi hujilinda kwa kuwa nene, na ngozi nene ya namna hiyo huwasha zaidi kuliko ngozi laini. Hilo ndilo gurudumu ulilomo. Lilianzishwa na wadudu wa upele, na nina mashaka makubwa kwamba wadudu hao walikwisha ondoka zamani huku gurudumu likiendelea kuzunguka.

Ushahidi umenipa wewe mwenyewe bila kukusudia. Waswahili husema mtu hujikuna ajipatapo. Ngozi yako imeharibika pale mkono unapofika kwa urahisi, na imebaki salama katikati ya mgongo ambako mkono haufiki. Kama ugonjwa ungekuwa unatoka ndani ya ngozi yenyewe, usingeheshimu mipaka ya urefu wa mkono wako. Wadudu wa upele, kwa upande wao, hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kwapa, kiuno, matiti na sehemu za siri, na hizo ndizo sehemu unazosema zimetulia. Muwasho unaobaki baada ya matibabu yaliyofanikiwa ni jambo la kawaida kwa wiki mbili hadi nne, kwa sababu mwili unaendelea kupambana na mabaki ya wadudu waliokufa ndani ya ngozi. Katika wiki hizo ubongo wako ulikuwa macho sana, mkono ukazoea njia, na ninaamini hapo ndipo gurudumu liliposhika kasi.

Kuhusu mwanafunzi anayejikuna kichwa na mkono wako kupanda shingoni, hapo huna ugonjwa wa peke yako. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani waliita watu kwenye mhadhara kuhusu muwasho, wakawarekodi kwa siri wakati wa kuonyeshwa picha za viroboto, utitiri na ngozi iliyokwaruzwa, kisha picha za kutuliza kama ngozi ya mtoto mchanga, na wasikilizaji walijikuna zaidi wakati wa picha za kwanza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, pamoja na wenzao, waliwaonyesha watu wenye afya video za wengine wakijikuna, na takribani theluthi mbili yao wakajikuna. Katika picha za ubongo, sehemu nyingi zinazofanya kazi mtu anapowashwa kweli ziliamka kwa kutazama tu. Nadhani kuna hekima ya zamani katika jambo hili, kwa kuwa mtu anayeona jirani yake akijikuna ana sababu nzuri ya kujikagua. Ila kwa mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake, ambaye ubongo wake umeshaumwa na upele mara moja, kengele hiyo hulia kutwa nzima.

Usiku mambo huungana dhidi yako. Damu huongezeka ngozini na ngozi hupata joto, homoni ya mwili inayotuliza uvimbe huwa chini, na maji hutoka kwa wingi kupitia ngozi ikakauka. Zaidi ya yote, ubongo haukai na kazi nyingine. Mchana darasa linakuazima umakini wako, na ndiyo maana kipindi kizima hupita bila wewe kukumbuka. Gizani umakini huo hurudi wote kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

Nikupe mfano mmoja zaidi, kwa sababu unaonyesha vizuri kuliko maelezo yangu jinsi ubongo unavyoijenga hisia hii. Mwaka 2013 Christoph Helmchen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lübeck, Ujerumani, waliwasha mkono mmoja wa watu waliojitolea, wakaweka kioo ili mkono wa pili, usiowasha, uonekane kana kwamba ndio unaowasha. Walipoukuna ule mkono mzima huku mtu akitazama kioo, muwasho wa mkono mwingine ulipungua. Haukuisha, lakini ulipungua, ingawa hakuna kucha iliyougusa. Unaweza kujaribu kwa vifundo vya miguu yako: weka kioo katikati ya miguu, uso wake ukielekea ule wa kulia, na uupapase huo wa kulia polepole kwa kiganja ukitazama kioo. Nafuu yake ni ya muda mfupi na sikuahidi zaidi ya hapo.

Matibabu yenyewe yaanze hivi. Acha BBE leo. Dawa hiyo hukausha na kuchoma ngozi, na kuipaka mara sita juu ya ngozi iliyochubuka ni sababu tosha ya mtu kuwashwa hata kama hajawahi kuona upele. Wiki hii nenda ukachunguzwe na mtu aliyesomea ngozi. Tanzania ina kituo cha mafunzo ya ngozi Moshi, katika hospitali ya KCMC, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa hiyo uliza katika hospitali ya mkoa ni siku zipi kuna kliniki ya ngozi. Akukague vidole, kiuno na kwapa kwa makini, na nyumbani wakaguliwe wote, pamoja na yule wa bweni, kwa sababu akirudi na upele mpya kila likizo juhudi zetu zitapotea. Mwonyeshe pia ile krimu ya mchanganyiko. Krimu za aina hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, pamoja na dawa za fangasi na bakteria kwa wakati mmoja. Steroidi yenyewe huenda ndiyo utakayoihitaji kwa ngozi iliyokuwa nene, ila kwa nguvu, kiasi na idadi ya wiki atakazopanga yeye. Kuipaka siku tatu, kuacha, na kuanza tena ni kulipoza gurudumu kidogo kisha kulisukuma upya.

Akithibitisha kwamba wadudu hawapo, anza kuihudumia ngozi. Oga maji ya uvuguvugu yanayoelekea baridi, kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo na manukato. Ninajua raha ya maji ya moto, lakini inatoka kwenye mlango uleule wa maumivu na ina deni lilelile. Jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu jipake mafuta ya mgando, kisha rudia kabla ya kulala. Joto la Tanga na jasho huichokoza nyuma ya shingo. Kama unavaa mtandio, chagua wa pamba badala ya nailoni, na soksi au kamba za viatu zisikae juu ya kifundo kinachouma. Kata kucha fupi kabisa na uzilainishe kwa tupa. Ikiwezekana funga bandeji nyepesi ya kitambaa kwenye kifundo usiku, ili kucha zikifika zikute kitambaa.

Kisha tuje kwenye mkono. Mwaka 1989 Peter Norén na Lennart Melin wa Sweden walichapisha utafiti wao kuhusu wagonjwa wa ukurutu, wakawapa wote krimu ya steroidi, na baadhi yao wakawafundisha pia kubadili tabia ya kujikuna. Waliofundishwa walipata nafuu kubwa zaidi ya waliopewa krimu peke yake. Ninawafundisha wagonjwa wangu njia hiyo, na ninaipenda kwa sababu haimwambii mtu "acha", inampa mkono kazi nyingine.

Siku nne za kwanza usijaribu kupunguza chochote, hesabu tu. Weka punje za mahindi katika mfuko mmoja wa nguo, na kila unapojikuna hamisha punje moja kwenda mfuko wa pili, jioni uandike idadi. Watu wengi hushtuka, kwa sababu mara nyingi mkono umekuwa ukifanya kazi bila wao kuwa na habari, na kuupata mkono njiani ndiyo nusu ya safari. Utajua pia ni saa gani na jambo gani linauamsha: kusahihisha madaftari, kuvua viatu, kukatishwa usingizi na joto. Kuanzia siku ya tano, hamu inapokuja, kunja ngumi zote mbili kwa nguvu, viwiko vikiwa vimebana mbavu, na uhesabu polepole hadi 30. Ikiwa bado unawashwa, bonyeza mahali hapo kwa kiganja au kwa ncha ya kidole pasipo kukwaruza, au weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kwa sababu baridi nayo huupunguza muwasho kwenye uti wa mgongo bila kuichana ngozi. Darasani ngumi hizo hakuna atakayeziona. Utashindwa mara nyingi wiki ya kwanza, na punje zitakuonyesha kwamba umeshindwa mara chache kuliko jana. Jipe wiki sita kabla ya kuamua kama njia hii inakufaa.

Mume wako msomee aya za juu zinazohusu ubongo. Yeye aliacha kujikuna kwa sababu gurudumu lake lilisimama lenyewe, si kwa sababu ana moyo mgumu kuliko wako, na kila "acha tu" anayoisema gizani huurudisha umakini wako palepale tunapotaka uondoke. Badala ya neno hilo, awe na kitambaa na bakuli la maji baridi upande wake wa kitanda, akupe bila kusema kitu. Kwa mama mkwe sitakushauri ubishane naye. Mweleze kwa adabu kwamba upele uliingia kutoka bwenini, kwamba ulimpata kila mtu nyumbani, na kwamba ngozi yako imechelewa kupona. Akitaka kukuombea dua, ipokee dua yake.

Kama muwasho utaenea mwili mzima pasipo kipele chochote, kama utapungua uzito, kupata homa za usiku, macho kuwa ya njano, kiu isiyoisha, au kama una ujauzito, usingoje wiki sita. Figo, ini, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma, kisukari na maambukizi ya VVU vyote vinaweza kuleta muwasho, na vipimo vyake vinapatikana katika hospitali ya mkoa. Na kama ngozi imepona nusu lakini kifundo kinachoma na kufa ganzi, mwambie daktari kwa maneno hayohayo, kwani huenda neva zenyewe zimechokozwa na zina dawa zake.

Imebaki habari ya binti yako. Wadudu wa upele huambukizwa kwa ngozi kugusana kwa muda, na wakiwa nje ya mwili wa binadamu hufa ndani ya siku mbili tatu hivi. Wewe umetibiwa, umerudia, na miezi imepita bila mtu mwingine nyumbani kuugua. Gurudumu la ubongo na ngozi nililokueleza halimwambukizi mtoto hata ukimkumbatia usiku kucha. Nenda ukachunguzwe wiki hii, na ukiambiwa wadudu hawapo, jioni ileile mpakate, mlale pamoja.